Ikiwa Wanormani waliitawala Uingereza, kwa nini Kiingereza hakikufa, na maneno ya Kifaransa yaliingia lini hasa?

Mwalimu wa Rungwe ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe, na swali ninalolileta hapa liliulizwa na mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu wiki iliyopita, nikamjibu papo hapo, na tangu siku ile jibu langu linanikosesha raha. Tulikuwa tunasoma habari za chakula. Binti huyo, ambaye kwao wana bucha, akataka kujua kwa nini ng'ombe akiwa malishoni Waingereza humwita "cow", lakini akishaning'inizwa kwenye ndoano anakuwa "beef"; kwa nini nguruwe ni "pig" bandani na "pork" sahanini, na kondoo ni "sheep" kisha "mutton", wakati sisi tunasema nyama ya ng'ombe na nyama ya kondoo, yakaisha.

Nilimweleza nilivyofundishwa chuoni: kwamba mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari na jeshi lake, akamshinda Mfalme Harold huko Hastings tarehe 14 Oktoba, akavikwa taji Westminster siku ya Krismasi, na kwa kuwa yeye na wakubwa aliokuja nao walizungumza Kifaransa, lugha yao ikaingia ndani ya Kiingereza. Mchungaji alikuwa Mwingereza, mlaji alikuwa Mnormani, kwa hiyo mnyama akabaki na jina la mchungaji na nyama ikachukua jina la mlaji. Darasa likaridhika. Mimi nilipofika nyumbani nikajikuta na maswali mawili nisiyoweza kuyajibu. Kwanza, ikiwa wenye nchi walizungumza Kifaransa kwa zaidi ya miaka 200, kwa nini Waingereza wa leo hawazungumzi Kifaransa? Pili, nimesoma kwamba maandishi ya Kiingereza ya miaka 100 ya mwanzo baada ya uvamizi yana maneno machache sana ya Kifaransa, na kwamba mafuriko yenyewe yalikuja baada ya mwaka 1250. Iweje ushindi uwe 1066 na maneno yachelewe kiasi hicho? Naomba msaada wa wenye ujuzi, na ikiwezekana kwa mifano ambayo mtoto wa Tukuyu ataielewa bila kulazimika kuifikiria London.

Mzee wa Kalenga amejibu:

Kamwene, Mwalimu. Swali lako la pili ndilo linalofungua la kwanza, na nimefurahi kwamba hukuridhika na jibu la chuoni, maana jibu lile linatufanya tuamini kwamba mtu akishinda vita, lugha yake huingia midomoni mwa walioshindwa kama maji yanavyoingia mtungini. Sivyo ilivyokuwa. Mimi nashikilia kwamba wingi wa maneno ya Kifaransa haukuingia Kiingereza siku Wanormani waliposhinda, bali uliingia siku wajukuu wa washindi walipoanza kukiacha Kifaransa.

Tuanze na hesabu ya watu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba waliokuja na William na kubaki hawakufika hata asilimia 5 ya wakazi. Walichukua ardhi, uaskofu na ngome. Daftari kubwa la mali ambalo William aliagiza liandikwe mwaka 1086, ambalo kwa taarifa yako liliandikwa kwa Kilatini, linaonyesha kwamba takriban ardhi yote kubwa ilikuwa imetoka mikononi mwa Waingereza. Lakini aliyelima, aliyekamua maziwa na aliyebembeleza mtoto alikuwa Mwingereza, na mtoto hujifunza lugha ya anayembembeleza. Yupo mtawa mmoja, Orderic Vitalis, aliyezaliwa mwaka 1075 karibu na Shrewsbury, baba yake akiwa kasisi aliyetoka Ufaransa na mama yake Mwingereza. Alipotimiza miaka 10 baba yake alimpeleka katika monasteri huko Normandy, na uzeeni aliandika kwamba alifika kule kama Yusufu alivyofika Misri, akisikia lugha asiyoielewa. Mwalimu, litazame jambo hilo kwa karibu. Haijapita hata miaka 20 tangu Hastings, baba ni mtu wa upande wa washindi, na mtoto hajui Kifaransa. Anajua lugha ya mama.

Sasa tazama maandishi. Watawa wa Peterborough waliendelea kuandika kumbukumbu za nchi kwa Kiingereza hadi mwaka 1154. Katika habari za mwaka 1137, walipoeleza mateso ya vita vya wenyewe kwa wenyewe wakati wa Mfalme Stephen, waliandika kwamba wakubwa waliijaza nchi ngome, hata watu wakasema waziwazi kwamba Kristo na watakatifu wake wamelala. Katika simulizi hiyo unakuta maneno ya kigeni machache tu, na karibu yote ni ya wenye nguvu: ngome, gereza, hazina, haki, amani. Mkulima alikopa kwa mtawala majina ya vitu alivyoonyeshwa na mtawala, basi.

Mambo yalibadilika mwaka 1204, Mfalme John alipoipoteza Normandy. Kabla ya hapo mkubwa angeweza kuwa na shamba Uingereza na jingine ng'ambo, akiishi huku na kule. Baada ya hapo ilimbidi achague. Waliobaki Uingereza wakawa Waingereza kwa lazima, kisha kwa ndoa, kisha kwa mapenzi. Vita vya miaka mingi kati ya Uingereza na Ufaransa vilivyoanza mwaka 1337 vikakifanya Kifaransa kuwa lugha ya adui, na tauni ya mwaka 1348 na 1349 ikaua watu wengi kiasi kwamba mfanyakazi aliyebaki, mzungumzaji wa Kiingereza, akawa na thamani. Mwaka 1399 Henry wa Nne alidai kiti cha ufalme mbele ya bunge kwa Kiingereza.

Ni katika kipindi hicho hicho, kuanzia 1250 hadi 1400, ndipo maneno yalipomiminika. Hesabu inayotajwa mara nyingi kwa muda wote hadi mwaka 1500 ni takriban maneno 10,000, na robo tatu yake bado yanatumika. Sababu yake unaweza kuiona ofisini kwenu. Mtu aliyesomea uhasibu kwa Kiingereza miaka yote, akirudi nyumbani na kuzungumza Kiswahili, kila akifika kwenye jambo la kazi yake hukosa neno, akalichukua lile la Kiingereza na kulipachika kiambishi. Hafanyi hivyo kwa dharau. Hana neno jingine mdomoni. Vivyo hivyo wajukuu wa Wanormani walipohamia Kiingereza walihama na mizigo yao: maneno ya mavazi, mapishi, uwindaji, sheria, ibada, elimu, na hata maneno ya hisia.

Kwa wanafunzi wako ningetumia mifano miwili ya huku kwetu. Wa kwanza ni Wangoni. Mababu zao walivuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakashinda kila walikopita, na baadhi yao wakatua Songea. Leo Kingoni cha Songea kiko karibu zaidi na lugha za majirani zake, kama Kimatengo, kuliko Kizulu. Walishinda kwa mkuki, lakini waliooa na kulelewa humo wakachukua lugha ya nyumba. Wanormani wenyewe yaliwafika mara mbili, maana asili yao walikuwa Waviking waliopewa ardhi na mfalme wa Wafaranki mwaka 911, wakaipoteza lugha yao ya kaskazini wakiwa Ufaransa, kisha wakakipoteza Kifaransa wakiwa Uingereza.

Mfano wa pili uko hapa nilipo. Wajerumani walipigwa na Wahehe Lugalo mwaka 1891, wakarudi, wakaiteka Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa akafariki mwaka 1898. Waliitawala nchi hii hadi vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa. Lugha yao imeacha nini katika Kiswahili? "Shule" na "hela" ndiyo hasa yaliyoshika mizizi, na mengine machache. Ushindi ulikuwa mkali kuliko tunavyoweza kusimulia, lakini hawakukaa vya kutosha wajukuu wao kuzungumza lugha yetu.

Karani wa Njombe amejibu:

Shikamoo Mzee, na salamu kwako Mwalimu. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani kwa miaka kadhaa, na kila siku naisikia habari hii kwa masikio yangu. Asubuhi hakimu akiingia, askari huita kwa sauti ndefu, "Kooorti!", watu wote wakasimama, akiwemo bibi aliyetoka Ludewa kufuatilia shamba lake na ambaye hajui neno lolote la Kiingereza, achilia mbali Kifaransa. Neno hilo ni la Wanormani. Wao waliliita "cort", likawa "court" kwa Waingereza, likafika kwetu likiwa korti. Na siyo hilo peke yake: jaji, kesi, jela, faini na waranti yote yamepita njia hiyo hiyo. Kwa upande mwingine hakimu, mahakama, wakili, shahidi na hukumu yametoka Kiarabu. Mtu anaweza kushtakiwa, kuhukumiwa na kufungwa bila kukutana na istilahi nyingi za asili ya Kibantu.

Ningependa kuongeza jambo ambalo Mzee amelipita. Sheria ndiko Kifaransa kilikokaa muda mrefu kuliko kwingine kokote. Mwaka 1362 bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza, na sababu iliyotolewa ni kwamba Kifaransa hakijulikani sana nchini, hivyo wanaoshtakiwa hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mawakili waliendelea kuandika kumbukumbu zao kwa Kifaransa chao cha mahakamani, ambacho kadiri miaka ilivyopita kilichanganyika na Kiingereza hata Mfaransa mwenyewe asingekielewa, na kumbukumbu rasmi zikabaki kwa Kilatini. Ilibidi bunge lipitishe sheria nyingine mwaka 1731, iliyoanza kutumika 1733, ndipo Kiingereza kikachukua nafasi yote mahakamani. Hesabu mwenyewe: kutoka Hastings hadi hapo ni zaidi ya miaka 660.

Nawaomba mnivumilie nilitaje na la kwetu, kwa kuwa linanigusa. Sisi Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikisikiliza mashauri kwa Kiswahili siku zote, lakini hukumu za mahakama za juu zilikuwa kwa Kiingereza, na nimewahi kumwona mzee akiwa ameshika nakala ya hukumu ya shauri lake mwenyewe akizunguka koridoni kutafuta mtu wa kumsomea kama ameshinda au ameshindwa. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ninapoisoma sababu ile ya mwaka 1362 namwona mzee yule.

Mabaki ya Kifaransa cha mahakamani yanaonekana hadi leo katika mpangilio wa maneno. Kiingereza huweka sifa mbele ya nomino, lakini Mwanasheria Mkuu anaitwa "Attorney General", sifa ikiwa nyuma, kwa sababu ndivyo Wafaransa walivyosema. Mpangilio huo kwetu sisi ni wa kawaida kabisa. Wanasheria wao pia hupenda maneno mawili kwa jambo moja, kama "will and testament", la kwanza la Kiingereza na la pili lililoletwa na Kifaransa na Kilatini. Na nadhani ni Kifaransa hicho hicho kilichokirahisishia Kiingereza sarufi yake, kikafuta jinsia za nomino na viambishi vyake vingi, ingawa hapo wenye ujuzi wa isimu watanisahihisha.

Nuru ya Mafinga amejibu:

Karani, kwa heshima zote, nitakusahihisha mahali hapo ulipoomba kusahihishwa, kwa sababu ni kosa ambalo hata vitabu vya shule hulirudia. Ni kweli kwamba Kiingereza cha kale kilikuwa na jinsia za nomino, jua likiwa la kike na mwezi wa kiume, na kwamba nomino zilibadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Lakini kulegea kwa viambishi hivyo kulianza kabla ya William kuzaliwa, na kulikwenda kasi zaidi kaskazini na mashariki, ambako Waviking walikuwa wameishi na Waingereza kijiji kwa kijiji. Huko ndiko yalikotoka hata maneno "they", "them" na "their". Tena Kifaransa chenyewe kina jinsia za nomino. Kingewezaje kuwafundisha wengine kuziacha? Alichofanya Mnormani kwa sarufi ni kidogo na si cha moja kwa moja: aliwaondoa maaskofu na waandishi waliokuwa wakikilinda Kiingereza sanifu cha maandishi, na lugha isiyo na mlinzi wa maandishi hubadilika kwenye karatasi haraka kama inavyobadilika mdomoni. Tahajia ndiyo waliyoigusa kwa mkono wao. Malkia, aliyeandikwa "cwen", akawa "queen", na nyumba iliyoandikwa "hus" ikawa "house".

Kuhusu ng'ombe na nyama yake, Mwalimu, usiifute hadithi yako, lakini ilegeze kidogo. Aliyeieneza sana ni Walter Scott, mwandishi wa riwaya wa Uskoti, mwaka 1819, yaani zaidi ya miaka 750 baada ya tukio. Asili ya maneno ni ile ile uliyowaeleza watoto: "beef", "pork" na "mutton" ni ya Kifaransa, na "cow", "pig" na "sheep" ni ya Kiingereza. Ila mpaka haukuwa mkali hivyo tangu mwanzo. Kwa karne nyingi Waingereza waliweza kumwita "beef" ng'ombe aliye hai, kama Wafaransa wanavyofanya hadi leo, na kutengana kwa zizi na sahani kulikamilika polepole. Wala si lazima pawepo mvamizi ili nyama ipate jina lake. Huku kwetu nguruwe akiwa bandani ni nguruwe, akiwa kwenye kikaango ni kitimoto, na hakuna mfugaji anayesema kitimoto wake amezaa.

Mfano ulio wazi zaidi kwa mtoto ni wa mafundi. Mwoka mikate, msaga nafaka na mshona viatu, watu wa kijijini, wana majina ya Kiingereza: "baker", "miller", "shoemaker". Mshona nguo, mwashi na mchoraji, ambao waliwategemea zaidi matajiri, wana majina ya Kifaransa: "tailor", "mason", "painter". Na katika kundi hilo yumo "butcher", kutoka "bochier" ya Kifaransa cha kale, ambayo nayo ilitokana na neno la beberu. Mwambie binti huyo kwamba bucha ya kwao, kama zilivyo zote za Mwanjelwa, ina jina lililoanzia kwa mchinja mabeberu wa Ufaransa, likapita Uingereza, likafika Tukuyu.

Lingine ni hili. Maneno ya msingi hayakuguswa. Kula, kunywa, kulala, maji, moto, mama, nyumba na mtoto ni maneno ya Kiingereza cha asili, sawa na kwetu ambapo hayo yote ni ya Kibantu, huku serikali, sheria, dini na kitabu tumeyapokea kutoka kwa wageni, ingawa sisi tuliyapata zaidi kwa biashara na dini kuliko kwa vita. Mara moja moja mgeni huingia hata mahali asipotarajiwa: katika kuhesabu nafasi, "first" na "third" ni ya Kiingereza lakini "second" ni ya Kifaransa, kama nasi tunavyohesabu nne na tano za Kibantu, tukafika sita na saba za Kiarabu, tukarudi kwenye nane.

Mwalimu wa Rungwe amejibu:

Ndaga fijo, nyote. Mzee wa Kalenga, habari ya Orderic nimeisoma mara tatu, na nitaianza nayo Jumatatu, kwa sababu darasani mwangu wamo watoto ambao bibi zao huwasemesha Kinyakyusa na wao hujibu kwa Kiswahili. Watamwelewa mtoto yule wa miaka 10 bila maelezo mengi.

Maelezo yenu yamenikumbusha jozi moja ambayo nilikuwa naitumia bila kuiwaza. Tunasema mbuzi amekufa, lakini hatusemi mwalimu mkuu amekufa, tunasema amefariki. La kwanza ni la Kibantu, la pili limetoka Kiarabu, na maana ni moja, ila heshima si moja. Naona Waingereza nao wana "die" kwa kila kiumbe, na "deceased" kwenye tangazo la msiba na hati ya mirathi. Nitawapa wanafunzi kazi ya kutafuta jozi za aina hiyo kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza.

Limebaki moja linalonisumbua kila ninaposahihisha madaftari. Karani ametaja jela. Kwa nini Waingereza waliandika neno hilo kwa namna mbili, "jail" na "gaol", na zote zikatamkwa sawa?

Karani wa Njombe amejibu:

Asante Nuru kwa kunisahihisha, nimeelewa. Mwalimu, hilo la jela naweza kulijibu. Kifaransa kiliingia Uingereza mara mbili. Mara ya kwanza kilikuja kile cha Normandy, na baadaye, heshima ya Paris ilipokua, kikaja kile cha Paris, na vilitofautiana matamshi. Neno la gereza Wanormani walilitamka kwa g nzito, "gaiole", na watu wa Paris kwa j, "jaiole". Waingereza wakayapokea yote mawili. Tahajia ya Kinormani ikadumu kwenye nyaraka za serikali, na matamshi ya Paris yakashinda midomoni. Ndiyo maana mtu anasoma g na kutamka j.

Njia hiyo hiyo imeacha jozi nyingine ambayo wanafunzi wako wataikuta kwenye duka lolote la simu. Mahali ambapo mtu wa Paris alisema g, Mnormani mara nyingi alisema w. Neno moja la kuahidi ulinzi likaingia Kiingereza likiwa "warranty", kisha likaingia tena likiwa "guarantee", na yote mawili yamefika kwetu. Muuzaji wa simu hapa Njombe hukwambia kwamba simu hii ina waranti ya mwaka mmoja, na akiona bado unasita, huongeza kwamba anakupa garantii.